Miriamu, Mariamu, Maria: Asili na Maana ya Jina Moja

Wazazi wanapomleta mtoto ili aandikishwe kwa ajili ya ubatizo, mara nyingi humwuliza mchungaji maana ya jina walilolichagua. Ni swali jema, nalo lina mizizi katika mila zetu wenyewe, kwa kuwa kwetu jina si alama tupu ya kumtofautisha mtu na jirani yake. Lakini kwa jina la Mariamu mchungaji hujikuta katika mashaka. Akifungua vitabu vidogo vya maana za majina, atakuta kimoja kinasema "uchungu", kingine "bahari chungu", cha tatu "uasi", cha nne "nyota ya bahari", na cha tano "mpendwa". Mama aliyekwisha kumwita binti yake kwa jina hilo atarudi nyumbani na jibu gani? Na mhubiri ambaye amesimamisha hubiri zima juu ya mojawapo ya maana hizo, amesimama juu ya mwamba au juu ya mchanga?

Makala hii inakusudia kuifuata historia ya jina hilo tangu lilipotokea kwa mara ya kwanza katika Maandiko hadi lilipoingia katika Biblia yetu ya Kiswahili. Hoja yake ni kwamba mzizi wa Kiebrania, ambao ndio watu huuendea kwanza, hutupatia kidogo sana. Maana ya jina hili ilitiwa ndani yake na mtu wa kwanza aliyeitwa hivyo, kisha na vizazi vya wazazi waliomkumbuka mtu huyo walipowapa binti zao majina. Mwinjili Luka, alipoandika jina la bikira wa Nazareti, aliandika jina lililokuwa limekwisha kujaa kumbukumbu hizo.

Tuanze na Agano la Kale. Dada yake Musa, yule aliyesimama mbali kukiangalia kisafina katika matete ya mto, hatajwi kwa jina katika Kutoka 2. Jina linatokea kwanza katika Kut. 15:20, baada ya Bahari ya Shamu, na pale linakuja pamoja na cheo: Miriamu anaitwa nabii wa kike, dada yake Haruni, naye ametwaa tari mkononi na wanawake wote wanatoka nyuma yake wakicheza. Baadaye tunamkuta katika Hes. 12, yeye na Haruni wakimnung'unikia Musa kwa ajili ya mwanamke Mkushi, katika Hes. 20:1, anapokufa na kuzikwa Kadeshi, katika Hes. 26:59, kama binti wa Amramu na Yokebedi; na katika orodha ya 1 Nya. 6:3. Kumbukumbu la Torati 24:9 inamkumbuka kwa adhabu yake ya ukoma. Mika 6:4 inamkumbuka kwa jambo jingine kabisa: Bwana anasema aliwatuma Musa, Haruni na Miriamu watangulie mbele ya watu wake. Kumbukumbu hizo mbili hazipatani kwa urahisi, nazo tutazirudia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba nje ya dada huyu wa Haruni, Agano la Kale lote lina mtu mwingine mmoja tu wa jina hilo, anayetajwa kwa kupita katika ukoo wa Yuda (1 Nya. 4:17). Hakuna mke wa mfalme aitwaye Miriamu, wala mjane, wala binti wa mwamuzi. Katika Israeli ya kale lilikuwa jina adimu. Tukifungua Agano Jipya twalikuta kila mahali: mama yake Yesu, Magdalene, wa Bethania, mama wa Yakobo na Yose, wa Klopa, mama wa Yohana aitwaye Marko, na yule aliyefanya kazi nyingi katika kanisa la Rumi (Rum. 16:6). Kati ya vitabu hivyo viwili jambo fulani lilitokea.

Mzizi na matatizo yake

Kabla ya kulieleza jambo hilo, yafaa kuutazama umbo la jina. Wamasoreti, yaani wanazuoni wa Kiyahudi walioweka alama za irabu katika maandiko ya Kiebrania kati ya karne ya 7 na ya 10 B.K., walilitamka Miryam. Lakini wafasiri wa Septuaginta, ambao waliifasiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 K.K., waliandika Mariam, kwa irabu "a". Kishami na Kiarabu pia vina Maryam. Tofauti hii ina sababu yake. Katika Kiebrania cha baadaye, irabu "a" ya silabi fungo isiyo na mkazo mara nyingi iligeuka kuwa "i". Ndiyo maana Kiebrania cha Wamasoreti husema Shimshon na Bil'am, lakini sisi, tuliopokea majina hayo kwa njia ya Kigiriki, twasema Samsoni na Balaamu. Hata neno "mnara", ambalo kwa Kiebrania ni migdal, kwa Kiaramu lina "a", nasi twalipata katika Magdala. Kwa hiyo Mariam ndilo tamko la kale zaidi, na Miryam ni tamko lililofuata.

Sasa maana. Mwaka 1895 mwanazuoni Mjerumani Otto Bardenhewer aliandika kitabu kizima juu ya jina hili moja, akakusanya maelezo zaidi ya hamsini yaliyokuwa yametolewa na watu mbalimbali tangu zamani. Idadi hiyo peke yake ingetosha kutuonya. Hatuna haja ya kuyapitia yote.

Maelezo ya "bahari chungu" huunganisha mar, "chungu", na yam, "bahari". Yanavutia kwa sababu ya mandhari ya Kutoka 15, lakini sarufi inayakataa: katika Kiebrania sifa hufuata jina kama katika Kiswahili, hivyo "bahari chungu" ingekuwa yam mar. Maelezo ya "uchungu" peke yake yana umri mkubwa zaidi. Marabi walisema binti huyo aliitwa Miriamu kwa kuwa alizaliwa wakati Wamisri walipoanza kuyafanya maisha ya Israeli kuwa machungu (taz. Kut. 1:14). Hilo ni hubiri zuri juu ya mateso ya Misri, na marabi walijua kwamba walikuwa wakihubiri.

Maelezo ya "uasi" yastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana yana msingi katika herufi zenyewe. Neno meri lina maana ya uasi, na likiongezewa kiambishi cha "wao" huwa miryam, "uasi wao". Umbo hilo hasa linapatikana katika Neh. 9:17, mahali ambapo sala ya Walawi inaungama ukaidi wa baba zao jangwani. Msomaji wa Kiebrania hawezi kulisoma neno lile bila kulisikia jina la nabii. Tena, katika Hes. 20:10, Musa anapowaita watu waasi mbele ya mwamba, neno la Kiebrania ni morim, ambalo huandikwa kwa konsonanti nne zilezile za jina la Miriamu. Na sura hiyo ndiyo iliyoanza kwa habari ya kifo chake! Sidhani kwamba ni bahati tu. Lakini tuone mchezo huo wa maneno unamwelekea nani. Katika Nehemia waasi ni baba zao wote. Katika Hesabu 20 waasi ni mkutano wote, na mwisho wa sura lawama ya uasi inawapata Musa na Haruni wenyewe (Hes. 20:24). Yeye ambaye jina lake linasikika katika neno hilo amekwisha kuzikwa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wako wahubiri wanaoifundisha Hesabu 12 kana kwamba jina la Miriamu lilikuwa hukumu yake: aliitwa uasi, akaasi. Kwa njia hiyo anaadhibiwa mara mbili. Haruni alisema maneno yaleyale siku ileile, wala hakuna anayetafuta uasi katika herufi za jina la Haruni. Na sura hiyo yenyewe, ikisomwa hadi mwisho, inatoa habari ambayo maelezo ya namna hiyo hayana mahali pa kuiweka: siku saba alipofungiwa nje ya marago, watu hawakusafiri hata aliporudishwa ndani (Hes. 12:15). Taifa zima lilimngoja.

Wataalamu wengi wa karne ya 20 wamelielekea jibu la Misri. Katika Kimisri cha kale mry ni "kupenda" au "mpendwa", nalo linaonekana katika majina kama Merneptah, "mpendwa wa Ptah", na Meritamun, "mpendwa wa Amun". Nguvu ya jibu hili ni kwamba kabila la Lawi lina majina kadhaa ya Kimisri. Musa ndiye mfano mkuu, kwa kuwa mes, "mzaliwa", ndilo neno lililo katika Thutmose na Ramesses. Finehasi ni Kimisri pia, nalo maana yake ni Mnubi, mtu wa kusini mwenye ngozi nyeusi. Jambo la kukumbukwa na kila anayesoma manung'uniko juu ya mwanamke Mkushi, kwamba mjukuu wa Haruni mwenyewe aliitwa hivyo. Hofni ni mwingine. Merari, mwana wa Lawi, ana mgogoro uleule wa Miriamu: wengine husoma "uchungu", wengine "mpendwa". Udhaifu wa jibu la Misri ni silabi ya mwisho, -am, ambayo Kimisri hakiielezi vizuri. Wengine wamelilinganisha jina na neno mrym la Ugarit, lenye maana ya kilele au mahali palipoinuka. Hilo nalo lina watetezi wachache. Kwa maoni yangu jibu la Misri ndilo lenye uzito zaidi, lakini si jambo la kulipigania mimbarani.

Kimya cha Maandiko

Kuna hoja moja ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia, nayo haihitaji kamusi. Maandiko hupenda kueleza majina. Isaka anaelezwa kwa kicheko, Yakobo kwa kisigino, Samweli kwa maombi ya mama yake. Hata Musa anaelezwa, na maelezo yake yanatufundisha: Kut. 2:10 inaliunganisha jina lake na kitenzi cha Kiebrania cha kutoa au kuopoa majini, ingawa asili ya jina ni Kimisri. Mwandishi hakuwa akitunga kamusi. Alikuwa akikiri kile ambacho Mungu alifanya kwa njia ya mtu huyo.

Jina la Miriamu halielezwi popote. Na kimya hicho kinasikika zaidi mahali ambapo maelezo yangekuwa rahisi. Mara tu baada ya wimbo wa Miriamu, mistari miwili tu baadaye, Israeli wanafika mahali ambapo maji hayanyweki kwa uchungu, na mwandishi anatueleza wazi kwamba ndiyo sababu pakaitwa Mara (Kut. 15:23). Mzizi wa uchungu upo kalamuni mwake. Jina la Miriamu wino wake haujakauka. Hata hivyo haviunganishi. Vivyo hivyo Naomi, anaporudi Bethlehemu mikono mitupu, anataka aitwe Mara (Rut. 1:20), hasemi "niiteni Miriamu". Kwa sikio la mwandishi wa Biblia, Mara lilikuwa jina la uchungu, na Miriamu lilikuwa jina la mwanamke mwenye tari.

Hapa ndipo nadhani maana ya jina inapoanza. Frank Moore Cross na David Noel Freedman, katika makala yao ya mwaka 1955, waliuita utenzi wote wa bahari "Wimbo wa Miriamu", wakiuhesabu miongoni mwa mashairi ya kale kabisa katika Biblia. Si lazima tukubaliane nao katika kila jambo ili kuona kwamba mapokeo yaliliunganisha jina hili na ushindi wa Bwana juu ya Farao kabla ya kuliunganisha na kitu kingine chochote. Mapokeo hayo hayakufa. Philo wa Aleksandria, katika karne ya 1 B.K., alieleza jinsi jumuiya ya Wayahudi wacha Mungu waliokaa karibu na mji huo walivyokesha wakiimba kwa kwaya mbili, ya wanaume kwa mfano wa Musa na ya wanawake kwa mfano wa Miriamu, kisha kwaya hizo zikawa moja. Marabi walifundisha kwamba kisima kilichowanywesha Israeli jangwani kilitolewa kwa ajili ya stahili ya Miriamu, kwa kuwa mara baada ya kuelezwa kifo chake tunaambiwa kwamba maji yalikosekana (Hes. 20:1-2). Mtume Paulo anapozungumza juu ya mwamba wa kiroho uliowafuata (1 Kor. 10:4), yuko jirani na mapokeo hayohayo.

Kwa namna ya pekee tunalo shahidi kutoka Qumran. Katika Kut. 15:21 wimbo wa Miriamu ni mstari mmoja tu. Lakini kipande kimoja cha hati zilizopatikana karibu na Bahari ya Chumvi, kiitwacho 4Q365, ambacho kilitolewa rasmi mwaka 1994, kina mabaki ya mistari saba ya wimbo huo ambayo haimo katika Biblia yetu. Mistari imeharibika. Maneno yaliyosalia yanamsifu Mungu aliye mkuu, aokoaye, ambaye tumaini la adui limepotea mbele zake, naye huinua. Mtu aliyezoea kuimba wimbo wa Mariamu katika ibada ya jioni hawezi kuyasoma bila kushtuka. Sisemi kwamba Luka aliisoma hati hiyo. Nasema kwamba katika siku zile Wayahudi walitamani kusikia zaidi kutoka kinywani mwa Miriamu, na walijua atasema mambo ya namna gani.

Kutoka jina adimu hadi jina la kila nyumba

Sasa twaweza kurudi kwenye jambo lililotokea kati ya maagano. Tal Ilan, katika kamusi yake ya mwaka 2002 ya majina ya Wayahudi kati ya mwaka 330 K.K. na 200 B.K., amekusanya majina kutoka vitabu, hati, na maandishi yaliyochorwa juu ya masanduku ya mawe ya kuhifadhia mifupa ya wafu. Kati ya wanawake wa Palestina, Mariam na maumbo yake mengine linashika nafasi ya kwanza, likifuatiwa na Salome. Mwanamke mmoja kati ya wanne au watano aliitwa Mariamu.

Sababu haiko mbali. Majina ya wanaume yaliyopendwa sana katika wakati huo ni pamoja na Simoni, Yohana, Yuda, Eleazari na Yonathani, na hayo ndiyo majina ya wana watano wa Matathia, walioanzisha vita vya Wamakabayo dhidi ya utawala wa Washami wa Kigiriki. Salome Alexandra alikuwa malkia wa nasaba hiyo kati ya mwaka 76 na 67 K.K. Mariamme, binti wa nasaba hiyohiyo, aliolewa na Herode, ambaye alitaka kuupatia utawala wake heshima ambayo damu yake haikuwa nayo. Mwaka 29 K.K. akamwua. Josephus amesimulia kwa urefu jinsi Herode alivyomlilia baadaye na kumwita kana kwamba yu hai. Wazazi Wayahudi waliowapa binti zao jina hili katika miaka iliyofuata walikuwa na Miriamu wawili wa kuwakumbuka: yule aliyeimba Farao alipozama, na yule aliyeuawa na mfalme aliyewekwa na Warumi. Chini ya utawala wa kigeni, jina la namna hiyo halikuwa la uchungu tu wala la furaha tu. Lilikuwa na historia ya taifa ndani yake.

Wingi huo una matokeo ambayo msomaji wa Injili huyapita bila kuyaona. Kwa nini karibu kila Mariamu wa Agano Jipya anaambatana na jina la mji, la mume au la mwana? Kwa sababu mtu akiita "Mariamu!" sokoni Yerusalemu, wangegeuka wengi. Ndiyo sababu pia wataalamu walio wengi hawakusadiki filamu ya mwaka 2007 iliyodai kwamba kaburi lililopatikana Talpiot, Yerusalemu, mwaka 1980, ni la jamaa ya Yesu. Majina yaliyoandikwa mle, likiwamo Maria, ndiyo majina ambayo yangetazamiwa katika kaburi lolote la wakati ule.

Kwa Walutheri jambo hili lina uzito wa kitheolojia. Martin Luther, katika ufafanuzi wake wa wimbo wa Mariamu uliotoka mwaka 1521, alishikilia kwamba neno la Luka 1:48 halisemi juu ya fadhila ya unyenyekevu ambayo Mariamu angeweza kujivunia mbele za Mungu, bali juu ya hali yake ya chini, kutokuwa kwake kitu machoni pa watu. Mungu hutazama chini, kwa kuwa juu yake hapana kitu cha kutazamwa. Luther hakuwa na kamusi ya Ilan. Lakini takwimu za majina zinamuunga mkono kwa njia ambayo asingeitazamia: msichana ambaye malaika alitumwa kwake alikuwa na jina la kawaida kuliko yote katika nchi yake. Wale waliotafuta siri ya heshima yake katika maana iliyofichika ya jina walitafuta mahali pasipo.

Nao walitafuta sana. Jerome, katika kitabu chake cha maana za majina ya Kiebrania alichokiandika kwenye miaka ya mwisho ya 380, alitoa maana kadhaa, zikiwamo "mwenye kunitia nuru", "bahari chungu", na kwa Kishami "bibi" au "mwenye mamlaka". Moja ya maana zake, kama wataalamu wengi wanavyodhani, ilikuwa stilla maris, "tone la bahari", kwa kuwa mar katika Isa. 40:15 ni tone la maji. Lakini hati zilizotufikia zina stella maris, "nyota ya bahari". Irabu moja iligeuka chini ya mkono wa mwandishi, na tone likawa nyota. Tangu hapo zikaja nyimbo, sala za mabaharia, na katika karne ya 12 mahubiri mashuhuri ya Bernard wa Clairvaux yanayomwambia mtu aliye katika dhoruba aitazame nyota hiyo. Sina haja ya kuidhihaki ibada hiyo. Watu wengi walifarijika kwayo baharini. Ila yafaa tujue kwamba haitoki katika Kiebrania.

Jina lililogawanyika

Kwa kanisa la kwanza, dada wa Haruni na mama wa Bwana walikuwa na jina moja, si kwa maana tu bali kwa herufi. Msomaji wa Septuaginta aliona Mariam katika Kutoka 15, na alipoifungua Injili ya Luka aliona Mariam tena katika 1:27. Vulgata nayo iliandika Maria mahali pote pawili. Ndiyo maana Gregory wa Nyssa na Ambrose wa Milano, katika karne ya 4, hawakuona taabu kuliunganisha tari la Miriamu na ubikira wa Mariamu. Ambrose anamwona mama wa Bwana akitangulia mbele ya mabikira kwa ngoma mbinguni.

Waliotenganisha jina hilo walikuwa, kwa kiasi kikubwa, watu wetu. Warejezi walipoiacha Vulgata na kurudi kwenye Kiebrania, walipata faida nyingi, na katika mahali hapa walipata hasara ndogo. Biblia ya Luther ina Mirjam katika Agano la Kale na Maria katika Jipya. Biblia za Kiingereza zina Miriam na Mary, majina ambayo sikio halitambui kabisa kwamba ni moja. Franz Delitzsch, profesa Mlutheri wa Leipzig, alipoitoa tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kiebrania mwaka 1877, aliyarudisha pamoja, maana kwa Kiebrania hakuna njia nyingine: bikira wa Nazareti ni Miryam.

Kiswahili kimekaa katikati. Biblia ya Union ya mwaka 1952 ina Miriamu katika Agano la Kale na Mariamu katika Jipya. Ndugu zetu Wakatoliki husema Maria. Umbo la Mariamu lilikuwapo pwani kabla ya Biblia, kwa kuwa Waislamu walilipokea kutoka Kiarabu, na Maryam ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina katika Kurani. Sura ya 19 yenye jina lake inamwita dada wa Haruni (19:28), na mara nyingi Wakristo huutumia mstari huo katika mabishano, wakisema umewachanganya wanawake wawili. Yafaa kujua kwamba swali hilo ni la kale. Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Muslim inasimulia kwamba Wakristo wa Najran walimwuliza al-Mughira jambo hilohilo, na jibu alilopewa na Mtume Muhammad ni kwamba watu wa zamani walizoea kuwaita watoto wao majina ya manabii na watu wema waliowatangulia. Tukiacha mambo mengine yote yanayotutenganisha, juu ya desturi ya majina jibu hilo linapatana na ushahidi wa masanduku ya mawe ya Yerusalemu.

Umbo letu la Mariamu, basi, lina "a" ya kale. Liko karibu zaidi na tamko la Septuaginta kuliko Miriamu. Pia liko karibu na mstari mmoja wa Yohana ambao katika Kigiriki unavutia sana. Katika habari za asubuhi ya Pasaka, Yohana anamwita Magdalene kwa umbo la Kigiriki, Maria, mara mbili (20:1, 11). Lakini katika hati kongwe za Sinaitiko na Vatikano, Yesu anapomwita katika mstari wa 16, anatumia umbo la lugha yao ya nyumbani, Mariam. Naye anageuka na kumjibu kwa lugha hiyohiyo, Raboni. Alikuwa hakumtambua kwa macho wala kwa maneno ya kwanza. Alimtambua aliposikia jina ambalo robo ya wanawake wa Yerusalemu walikuwa nalo, likitamkwa na huyo.

Kamati za wafasiri zina sababu nzuri za kutobadilisha majina ambayo waumini wamekwisha kuyazoea, wala sipendekezi Miriamu afutwe. Lakini mwenye kutaka kulijaribu jambo hili darasani au katika mkesha wa Pasaka, na asome Kut. 15:20-21 kwa sauti akitamka Mariamu, kisha afungue Luka 1:46 na kuendelea kusoma, bila kutia maelezo yoyote kati.